Mnara wa simu, baridi ya Uyole na ngozi ya mtoto

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwezi wa tano tulihama kutoka Kyela kuja Uyole, Mbeya, kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 7, yuko darasa la pili, ana ualbino. Kule Kyela jua ni kali, nilikuwa namfunika kweli kweli, kofia pana na mikono mirefu. Huku tulikuta baridi nikalegeza, anavaa sare ya kawaida na kepu. Mwezi wa nane wakasimamisha mnara wa simu, kama hatua 80 kutoka uani kwetu. Tangu hapo mtoto anaungua. Asubuhi anatoka mzima, jioni akishatulia hapa nyumbani uso unakuwa mwekundu, usiku analia masikio na shingo vinawaka, midomo inapasuka. Nyuma ya shingo kuna mstari kabisa pale kola inapoishia. Majirani wanasema ni mionzi ya mnara, na kwamba inamwingia zaidi kwa kuwa hana rangi. Shemeji anataka tuhame. Kuna kijana anapitisha stika za kubandika kwenye simu na ukutani, anasema zinafyonza mionzi, moja shilingi 15,000. Halafu mwanangu wa sekondari ananiambia mwanga wa jua na mawimbi ya mnara ni kitu kimoja. Kama ni kimoja, kwa nini kimoja kiunguze na kingine kisiunguze? Ndaga fijo, asante sana."

Marahaba, mama. Pole kwa usiku wa kubembeleza mtoto anayewaka moto, na asante kwa kueleza kwa kina. Barua yako imebeba ushahidi karibu wote ninaouhitaji, kwa hiyo sitakuzungusha: mnara haumuunguzi mwanao. Anaunguzwa na jua la Uyole, lile lile unalodhani limepoa. Na kwa mtoto mwenye ualbino jambo hilo ni zito kuliko hadithi ya mnara. Ndiyo maana nitakueleza taratibu, ili hata shemeji akisoma aone mantiki yake mwenyewe.

Anza na mstari wa kola. Mawimbi ya simu yanapita kwenye nguo kana kwamba nguo haipo. Ukifunika simu kwa sweta mbili bado inaita. Yanapita hata kwenye ukuta wa tofali, ingawa hapo yanapungua. Sasa, kama mnara ndio ungekuwa unamuunguza, mgongo na kifua chake chini ya shati vingekuwa vyekundu sawa na shingo. Usingeona mstari wowote. Leo jioni mvue shati umwangalie kwa utulivu: masikio, pua, mashavu, nyuma ya shingo, mgongo wa viganja, na pale mkono mfupi wa sare unapoishia. Ukikuta uwekundu umekatika ghafla kwenye ukingo wa nguo, mhusika ni kitu kinachozuiliwa na kitambaa. Mionzi ya jua inazuiliwa na kitambaa, ya mnara haizuiliwi. Angalia na paji la uso: naamini utalikuta afadhali kuliko masikio, kwa sababu kepu inalikinga paji na kuyaacha masikio na shingo.

Ushahidi wa pili ni saa. Umeona anatoka mzima asubuhi, anawaka akiwa nyumbani, na nyumbani ndiko kuna mnara. Yeyote angefikiri hivyo. Lakini ngozi iliyochomwa na jua haiwi nyekundu papo hapo. Madhara yanaingia mchana, uwekundu unajitokeza baada ya saa kadhaa, na kilele chake huwa kati ya saa 12 na 24 tangu ngozi ilipopigwa. Mtoto anachomwa shuleni na njiani, maumivu yanampata nyumbani.

Wa tatu ni mwezi. Mwezi wa tano na wa sita, mlipofika, jua lilikuwa limeegemea kaskazini. Hapa Mbeya tuko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana huishia kama digrii 57 tu juu ya upeo wa macho. Kuanzia hapo linarudi kusini siku hadi siku, na katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa. Mvua zinakuwa hazijashika, anga liko wazi, hakuna cha kulipunguza jua. Mnara umesimama mwezi wa nane, jua nalo likawa linapanda miezi hiyo hiyo. Vitu viwili vimekuja pamoja, na kilichoonekana kwa macho ndicho kilichobebeshwa lawama.

Sasa swali la mwanao wa sekondari, ambalo limenifurahisha. Yuko sahihi. Mawimbi ya redio, mawimbi ya simu, joto la infraredi, mwanga tunaouona, urujuanimno (mionzi ya jua tusiyoiona kwa macho), eksirei na gama vyote ni mawimbi ya sumakuumeme. Vyote vinakwenda kwa mwendo mmoja penye uwazi mtupu, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachovitofautisha ni urefu wa wimbi. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33, yaani zaidi kidogo ya rula ya shule. Mwanga tunaouona uko kati ya nanomita 400 na 700, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Urujuanimno unaochoma ngozi ni mfupi zaidi, kati ya nanomita 280 na 315. Huo kitaalamu tunauita wa kundi B.

Je, urefu wa wimbi unahusianaje na kuungua? Mwaka 1900 Max Planck alipendekeza kwamba nishati ya mionzi inatoka kwa mafungu mafungu, na mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwamba mwanga wenyewe unabeba nishati yake hivyo. Siku hizi fungu moja tunaliita fotoni. Wimbi likiwa fupi, fotoni yake ina nguvu kubwa. Likiwa refu, fotoni yake ni dhaifu. Kuna jambo lililokuwa limewashangaza wanafizikia wa wakati ule: mwanga wa aina fulani ulikuwa hauwezi kung'oa elektroni kwenye chuma hata uongezwe ukali namna gani, lakini mwanga wa wimbi fupi zaidi, hata ukiwa hafifu, uling'oa. Maelezo ya Einstein yalikuwa kwamba elektroni hupokea fotoni moja kwa wakati mmoja, na fotoni dhaifu hazichangi nguvu. Ni kama kumwaga debe zima la mchele kwenye parachichi lililo juu mtini: punje ni nyingi lakini tunda halianguki, wakati jiwe moja linalilenga na kuliangusha.

Kwenye ngozi ni vivyo hivyo. Ndani ya kila seli kuna vinasaba, uzi mrefu wenye maelekezo ya jinsi seli inavyojijenga na kujigawa. Fotoni moja ya urujuanimno wa kundi B ina nguvu ya kutosha kuunganisha vipande viwili jirani vya uzi huo vikagandana mahali pasipotakiwa. Seli inajitahidi kurekebisha. Ikishindwa, ama inakufa, na hapo unaona wekundu, malengelenge na ngozi kubanduka, ama inabaki na kosa lake. Makosa yakirundikana miaka na miaka, saratani ya ngozi inapata njia. Fotoni ya simu ya megahezi 900 ina nguvu ndogo kuliko hiyo kwa zaidi ya mara milioni moja. Haiwezi kugandanisha wala kukata chochote kwenye vinasaba. Mwambie mwanao agawe mwenyewe, jibu litamtoka: sentimita 33 kwa nanomita 300.

Na hiyo hoja ya kwamba mtoto "hana rangi" hivyo mionzi ya mnara inamwingia zaidi? Rangi ya ngozi, yaani melanini, inafyonza urujuanimno na mwanga. Kwa mawimbi ya simu haina kazi yoyote. Mwanao na wewe mko sawa mbele ya mnara. Mbele ya jua hamko sawa hata kidogo.

Sitaki uondoke ukidhani mawimbi ya redio hayafanyi kitu kabisa. Yakiwa na nguvu nyingi yanapasha joto, na hiyo ndiyo kazi ya jiko la maikrowevu. Ndiyo maana fundi akipanda mnara kufanya kazi mbele ya antena, antena hiyo huzimwa au hupunguzwa nguvu kwanza. Ndiyo maana pia kuna viwango vya kimataifa: kwa umma, kwenye megahezi 900, kikomo ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba, na kikomo hicho kimewekewa nafasi kubwa ya usalama kabla ya joto lolote la kudhuru. Jua la mchana linatushushia karibu wati 1,000 kwenye mita hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vya karibuni vilivyofanywa kuzunguka minara vilionyesha kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango hivyo. Antena za mnara hutupa mawimbi yake mbele, karibu sambamba na ardhi na kuinama kidogo tu, kwa hiyo walio chini ya mnara mara nyingi hupata kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Na kuna hili ambalo huwa linawachekesha watu nikilieleza: mnara ukiwa karibu, simu yako inapunguza nguvu yake yenyewe, maana haihitaji kupaza sauti. Mwenye simu kijijini kusikoshika mtandao ndiye anayebandika sikioni kifaa kinachotoa nguvu kubwa.

Utasikia pia kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeyataja mawimbi haya. Ni kweli. Mwaka 2011 liliyaweka kwenye kundi la "huenda", la vitu ambavyo ushahidi wake wa kusababisha saratani ni mdogo na haujathibitika. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakukuta uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Mionzi ya jua yenyewe iko kundi la kwanza, pamoja na tumbaku: vitu vilivyothibitika. Shemeji anaogopa kilicho kwenye "huenda", huku kilichothibitika kinampiga mtoto kila siku akitoka shule.

Kuhama, basi, hapana. Mkihama Uyole mkaenda Mwanjelwa au Tukuyu, jua mtalikuta huko. Kama mnara unawakera kwa sababu nyingine, kelele za jenereta usiku au moshi wake, hayo ni malalamiko ya haki kabisa, na yapelekeni serikali ya mtaa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kama moyo hautulii kuhusu mionzi, andikeni barua kupitia kwa mtendaji kwenda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania waje wapime. Hiyo ni kazi yao kisheria, wana vifaa, na karatasi ya vipimo itanyamazisha maneno ya mtaani kuliko jibu langu. Uzio wa mnara muuheshimu tu kama mnavyoheshimu transfoma.

Turudi kwenye jua, maana hapa ndipo penye mtego wa Nyanda za Juu. Kyela iko karibu na ziwa, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Uyole ni mita 1,700 na ushei. Ukipanda juu, hewa inapoa, kwa wastani digrii 6 na nusu kwa kila kilomita moja, kwa hiyo mmepanda na kuiacha nyuma joto la digrii kama 8. Mwili unasema: jua la huku limepoa. Lakini urujuanimno hausikiki kama joto. Joto unalolihisi linatoka kwenye hewa inayokuzunguka, kwenye mwanga na infraredi. Urujuanimno ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya jua, kama asilimia 5, na ngozi haina namna ya kuuhisi ukiingia. Na jinsi unavyopanda juu, hewa ya kuuchuja inapungua: kwa makadirio ya kawaida unaongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000. Piga hesabu: siku moja, anga moja safi, mtoto aliyesimama Uyole anapata urujuanimno mwingi kuliko aliyesimama Kyela, japo wa Kyela anatoka jasho na wa Uyole amevaa sweta. Mkienda kuona maua Kitulo, karibu mita 2,600, ni zaidi tena, na huko baridi inaweza kukufanya usahau jua kabisa. Kwa hiyo ulichofanya Kyela kilikuwa sahihi, na Uyole kilihitaji kuongezwa.

Mawingu nayo yanadanganya. Wingu zito jeusi la mvua linazuia sana. Wingu jembamba na ukungu wa asubuhi unaoanza kuachia hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno huku vikipunguza joto, na siku kama hizo ndizo watoto hucheza uwanjani mchana kutwa bila mtu kuwaita kivulini.

Kivuli chenyewe kina vyake. Unajua kwa nini anga ni la bluu? Chembe za hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu, na tofauti ni kubwa: wimbi likiwa nusu ya jingine, linatawanywa mara 16 zaidi. Bluu inatawanywa kuliko nyekundu, ndiyo maana tukiinua macho tunaona bluu. Urujuanimno ni mfupi kuliko bluu, kwa hiyo unatawanywa zaidi tena, na anga lote linautoa, si jua peke yake. Mtoto akikaa kwenye kivuli cha nguzo au cha mlingoti mmoja huku anga lote liko wazi juu yake, bado anapokea sehemu kubwa. Kivuli cha kweli ni kile ambacho ukikaa hapo na kutazama juu huoni anga: chini ya mparachichi mnene, barazani penye paa refu, au darasani. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia sehemu kubwa ya urujuanimno wa kundi B lakini kinapitisha mwingi wa kundi A, wenye mawimbi marefu kidogo, ambao nao unaichosha ngozi, kwa hiyo darasani asiwekwe dirishani upande linakopiga jua.

Kuhusu saa, watu wengi wanaambiwa jua kali ni saa sita. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo 45, ambao uko mashariki ya nchi yetu, na Mbeya iko magharibi yake kwa digrii 11 na zaidi. Jua letu linafika juu kabisa saa saba kasoro robo hivi, kwa kupishana kidogo kulingana na mwezi. Kipindi hiki cha Oktoba, muda wa hatari ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mtoto anayetoka shule saa nane mchana anatembea katikati yake. Huhitaji saa kulijua hilo: mfundishe aangalie kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, jua linachoma, hata kama anatetemeka kwa baridi. Mchakamchaka wa asubuhi na mapema hauna shida kubwa.

Kinga ya kwanza na ya uhakika ni nguo, kabla ya losheni. Achana na kepu. Mpe kofia yenye ukingo wa kuzunguka pande zote, upana wa vidole vinne au zaidi, ifunike masikio na kisogo. Shati la mikono mirefu, suruali badala ya kaptula, soksi ndefu. Kitambaa kiinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi, na urujuanimno unapenya. Sare iliyochakaa kwa kufuliwa, au iliyolowa, inapitisha zaidi. Sweta za Uyole zitakusaidia hapa, kwa mara ya kwanza baridi iko upande wako. Nenda kwa mwalimu mkuu wewe mwenyewe, kwa heshima, ukamweleze kwamba mtoto ataomba kuvaa mikono mirefu na kofia hata mstarini, na kwamba kazi za shamba la shule na michezo ya mchana apangiwe ndani au kivulini. Walimu wengi wanakubali wakielezwa. Wasipoelezwa wanadhani ni utovu wa sare.

Losheni ya kukinga jua inapakwa kwenye kile ambacho nguo imeshindwa kufunika: uso, masikio pamoja na nyuma yake, shingo, migongo ya viganja. Tafuta yenye namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, 30 au zaidi na inayokinga kundi A na B. SPF 30 ikipakwa vizuri inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, lakini kipimo hicho ni cha losheni iliyopakwa nene. Tukipaka kwa kubana tunapata sehemu ndogo tu ya namba ile. Paka nusu saa kabla hajatoka, na irudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje. Hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza losheni maalumu kwa watu wenye ualbino, iitwayo Kilisun, na huwafikia walengwa kupitia kliniki. Waulize kliniki ya ngozi na viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania hapo Mbeya namna ya kuingizwa kwenye orodha. Usiinunue losheni isiyoeleweka mnadani.

Mafuta ya mgando hayakingi jua. Nalisema peke yake kwa sababu ndilo ninalokutana nalo zaidi: mama amempaka mtoto mafuta akang'aa, ameridhika kwamba amemkinga. Yanalainisha ngozi, basi. Wala mafuta ya nazi hayatoshi. Midomo inahitaji ya kwake, yenye SPF, pamoja na kivuli cha kofia.

Macho yake pia yanaumizwa na mwanga, na bila shaka umeona anavyoyafinya au yanavyochezacheza. Miwani ya jua inafaa ikiwa imethibitishwa kuzuia urujuanimno. Weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisicho na kinga kinaifanya mboni ifunguke zaidi na kuruhusu zaidi kuingia. Apimwe macho, na shuleni akae mbele karibu na ubao.

Stika za shilingi 15,000 usinunue. Kama stika ingefyonza mawimbi kweli, simu isingeshika mtandao. Na kama ingeyafyonza nusu, simu ingeongeza nguvu kufidia. Ile ya ukutani haina hata la kujieleza. Pesa ya stika mbili mpelekee fundi cherehani akushonee kofia mbili, moja ya kufua na moja ya kuvaa.

Kwa sasa, ngozi iliyoungua ipooze kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya kawaida yenye ubaridi, mpe maji ya kunywa ya kutosha, na asikanyage juani mpaka ipone. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, wala krimu yoyote ya kung'arisha ngozi. Maumivu yakizidi, duka la dawa watakupa panadoli ya kipimo cha uzito wake. Akiwa na malengelenge mengi, homa, kutapika, au amelegea, usisubiri kesho, mpeleke kituo cha afya.

Hata akipona vizuri, nataka aonwe na mtaalamu wa ngozi ndani ya mwezi huu. Omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ukishaanza, arudi angalau kila baada ya miezi sita. Wewe nyumbani mkague kila mwezi, kwenye mwanga mzuri, kuanzia utosini. Unachotafuta ni kidonda ambacho wiki 4 zimepita hakijafunga, sehemu ngumu yenye magamba inayorudi kila ukiibandua, uvimbe unaokua, kitu kinachovuja damu bila kuguswa, au mpasuko wa mdomo usiopona. Kingi kati ya hivyo, kikiwahiwa, hutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa upasuaji mdogo, na mtoto anarudi shule. Vikichelewa, safari inakuwa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Midomo inayopasuka sasa mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo ya kwanza, umwambie imeanza lini.